Niliumia uwanjani, masomo yakasimama: maswali ya kisheria tunayoulizwa sana na wanafunzi

Majibu haya yanahusu vyuo vikuu vya Tanzania Bara. Anayejibu ni wakili ambaye goti lake la kulia lilichanika akiwa mwaka wa pili, kwenye mechi ya vitivo. Kwa hiyo kuna mahali nitaongea kama wakili, na kuna mahali nitaongea kama mtu aliyewahi kupanda ngazi za hosteli kwa makalio.

Nimeumia juzi tu. Nikimbilie kwa wakili?

Anza na daktari, kisha chuo, halafu wakili. Yote matatu jitahidi yawe yamefanyika ndani ya wiki mbili.

Kwa daktari kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maneno utakayomwambia siku ya kwanza ndiyo yatakayosomwa mahakamani miaka miwili baadaye. Mimi nilipoulizwa "umefanyaje?" nilijibu "nimeanguka tu, dokta," maana maumivu yalikuwa makali na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akaandika hivyo hivyo: alianguka akicheza mpira. Kilichotokea hasa ni kwamba mguu wangu uliingia kwenye ukingo wa mfuniko wa chemba ya maji machafu, uliofunikwa na nyasi, hatua mbili ndani ya mstari wa pembeni. Mfuniko huo haumo popote kwenye faili langu la hospitali.

Basi sema kilichotokea: ulikanyaga nini, nani alikuingia na kwa namna gani, ilikuwa saa ngapi. Mwombe akusomee alichoandika. Kama ulipigwa ngumi au kiwiko cha makusudi, hapo ni shambulio, na utahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Hali ikiwa mbaya hospitali ianze kutibu kwanza, PF3 itafuata, ila isikae wiki.

Niandike barua gani chuoni, na nimpelekee nani?

Hili ndilo swali linaloamua mambo mengi kuliko yote, na ndilo wanafunzi huliuliza wakiwa wameshachelewa. Wanadhani CR (kiongozi wa darasa) akishajua na mwalimu akishaona gongo, chuo kimejua. Chuo hujua kwa karatasi.

Fungua kanuni za mitihani na sheria ndogo za wanafunzi za chuo chako. Humo utakuta mambo matatu yanayofanana kwa mbali: kuahirisha mtihani, kuahirisha semista, na kuahirisha mwaka mzima wa masomo. Kila moja lina siku zake za mwisho na mtu wake wa kuliidhinisha. Ukiomba lisilokufaa unaweza kukubaliwa na bado ukaumia. Mwanafunzi aliyebakiza wiki tatu kumaliza semista, mwenye alama zote za testi, mara nyingi anahitaji kuahirisha mitihani tu. Akiahirisha mwaka, alama zile zinaweza kupotea na ada ikarudiwa.

Barua yenyewe iwe fupi. Kwa mfano:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili (andika yako). Niliumia goti tarehe fulani, saa 11 jioni, katika uwanja wa chuo, kwenye mechi ya vitivo iliyoandaliwa na ofisi ya michezo. Daktari ameagiza nisikanyagie mguu huo kwa wiki sita, na cheti chake nimekiambatisha. Naomba kuahirisha mitihani ya semista hii, na nitakapoifanya ihesabiwe kuwa ni mara yangu ya kwanza."

Sentensi ya mwisho usiisahau. Katika vyuo vingi sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, ina kikomo cha alama hata ukijibu kila swali sawasawa, wakati mtihani ulioahirishwa kwa sababu ya ugonjwa husahihishwa kama mtihani wa kawaida. Hiyo ni tofauti ya C na A kwenye matokeo yako ya mwisho.

Ipitishe kwa mkuu wa idara kwenda kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Chapisha mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe. Karani akikwambia "acha tu hapo mezani, bosi ataiona," tabasamu, usiondoke. Kama huwezi kutembea, mtume rafiki, na uitume pia kwa baruapepe ya chuo ili saa na tarehe zibaki.

Bumu langu litaendelea kuingia?

Bodi ya Mikopo humlipia anayesoma. Ukiahirisha masomo, posho husimama mpaka urudi, na kurudi kwenyewe hakurudishi fedha moja kwa moja: lazima afisa mikopo wa chuo awe na barua yako ya kuahirishiwa, na baadaye ya kurejea. Nimeona wanafunzi waliopona vizuri kabisa wakakaa nusu semista bila bumu kwa sababu ya barua moja iliyolala kwenye droo.

Kabla hujaahirisha mwaka, uliza pia hatima ya kadi yako ya bima ya afya. Mchango wa mwanafunzi kwa NHIF, ambao kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, hupitia chuoni na hutegemea uwe umesajiliwa. Kuingia chumba cha upasuaji huku kadi imekufa ni balaa lisilo la lazima.

Kila anayeumia michezoni anaweza kudai fidia?

Hapana, na wakili atakayekwambia ndiyo kabla hajakusikiliza anatafuta ada. Majeraha mengi ya uwanjani hayana mkosaji. Umeruka kugombania kichwa, ukatua vibaya, enka ikaenda. Hapo ulishaikubali hatari hiyo ulipovaa njumu.

Madai huzaliwa pale palipo na uzembe. Mtu aliyekuwa na wajibu wa kukuangalia hakuuangalia, na kutokuuangalia huko ndiko kulikokuumiza. Sheria yetu ya uzembe kwa sehemu kubwa haijaandikwa kwenye kitabu kimoja cha sheria. Tuliipokea kutoka Uingereza, kama ilivyokuwa huko tarehe ambayo kila mwanafunzi wa sheria huikariri, 22 Julai 1920. Ndiyo maana hukumu za huko bado husomwa hapa, ingawa mahakama zetu hazifungwi nazo.

Mbili zinafaa kujulikana. Mwaka 1985, katika kesi ya Condon dhidi ya Basi, Mahakama ya Rufani ya England ilimwajibisha mchezaji wa ligi ya mtaani aliyemvunja mwenzake mguu kwa rafu ya hovyo. Fidia ilikuwa pauni 4,900. Kwa hiyo kuwa mchezoni hakumpi mtu ruhusa ya kukuvunja. Ila kiwango ni kigumu: rafu ya kawaida, hata yenye kadi ya njano, peke yake haitoshi. Ya pili ni Smoldon dhidi ya Whitworth, ya miaka ya 1990, ambapo refa wa raga alipatikana na uzembe kwa kuacha vijana waendelee kusukumana huku msukumano ukiporomoka mara kwa mara, mpaka mmoja akavunjika shingo.

Kwa wanafunzi wa kwetu, ugomvi wenye nguvu mara nyingi haupo kwenye rafu. Upo kwenye goli la chuma lisilofungwa chini, kioo uwanjani, basi la timu lililopakia kupita kiasi, kocha aliyekulazimisha kurudi uwanjani baada ya kugonga kichwa na kutapika, au mechi ya bonanza yenye watu mia nne bila hata mtu wa huduma ya kwanza. Hayo yana mwandaaji, mwenye uwanja au mwajiri nyuma yake.

Nilisaini fomu kwamba nikiumia ni juu yangu. Ndiyo basi?

Siyo basi. Ilete. Kukubali hatari za mpira ni jambo moja, na kukubali uzembe wa mwandaaji ni jambo jingine, na mahakama husoma fomu za aina hiyo kwa jicho kali dhidi ya aliyeziandika. Fomu nyingi ninazoletewa zimenakiliwa kutoka mahali fulani, na moja ilikuwa bado inazungumzia kuteleza kwenye theluji.

Kesi inafunguliwa dhidi ya nani?

Inategemea nani alikuwa na wajibu: chuo, mchezaji mwenzako, mmiliki wa uwanja wa kukodi, mwenye basi. Kocha aliyeajiriwa na chuo akizembea kazini, chuo hubeba mzigo wake. Ukiwa na kocha wa kujitolea ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, swali huwa zito zaidi, na inabidi kutazama nani alimpa timu.

Chuo kikiwa cha umma, njia hubadilika. Soma swali linalofuata polepole.

Nina muda gani?

Kwa madai ya uzembe, miaka 3 tangu tatizo litokee, chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda. Kwa madai ya kuvunja mkataba, miaka 6. Inaonekana mingi. Lakini mwaka wa kwanza unaishia kwenye kliniki, wa pili kwenye kurudia masomo, na wa tatu uko fildi Mtwara unasubiri mtu apokee simu.

Chuo cha umma kina jambo la ziada. Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi za namna hiyo, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukimsahau, kesi inaharibika tangu mlangoni. Usipige hesabu za kumpelekea wakili faili ikiwa imebaki miezi miwili.

Kuna muda mwingine wa kuhesabu, wa uamuzi wa chuo chenyewe, kama kukunyima kuahirisha au kukudisko (kukuondoa masomoni). Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chuo cha umma, maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Na kabla ya hapo mahakama itataka kujua kama ulikata rufaa ndani ya chuo, ambako muda huhesabiwa kwa wiki, si kwa miezi.

Ushahidi gani nikusanye? Nina picha na meseji tu.

"Tu"? Hizo ni mali. Piga picha ya mahali ulipoumia leo hii, kabla hawajaparekebisha, ukiwa umeweka kitu cha kupimia kina. Kiatu chako kinatosha. Hifadhi tangazo la mechi, ratiba, na ujumbe wa kundi la WhatsApp ambamo kiongozi wa michezo aliandika "uwanja tunajua ni mbovu ila tutacheza hivyo hivyo." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, mradi uweze kuonyesha ulivyotunzwa na kwamba haukuchezewa. Kwa hiyo usiuze ile simu, na usitegemee picha za skrini peke yake.

Andika majina na namba za watu watatu waliokuwepo. Watatu wanatosha, ila wawe wale ambao hawatahitimu mwaka huu na kutawanyika.

Hospitali ikikuzungusha kuhusu nakala za faili lako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzipata taarifa zinazokuhusu. Ziombe kwa maandishi.

Walioumia kichwa nawaomba kitu kimoja zaidi. Goti linaonekana, kichwa hakionekani. Weka daftari: leo nilisoma dakika 20 nikaanza kuona maluweluwe, leo nililala mchana wote. Bila hilo utaambiwa ulikuwa mvivu.

Nikishinda, nalipwa nini hasa?

Kuna mafungu mawili. La kwanza ni fidia mahususi, yaani fedha zilizokutoka: upasuaji, magongo, mazoezi ya viungo, ada ya semista iliyorudiwa, kodi ya geto ulilolipia bila kulala. Hapa mahakama ni kali. Mahakama ya Rufani ilishasema katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe kwamba hasara ya aina hii lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Shilingi isiyo na risiti ni hadithi. Bajaji hazitoi risiti, tunajua. Lipa kwa simu, ujumbe wa muamala ubaki. Au ita usafiri kwa programu, risiti ijitume yenyewe.

La pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, kwa ulemavu uliobaki, kwa raha ya maisha iliyopungua. Kiasi chake hupangwa na mahakama. Kitakachosaidia ni ripoti ya daktari bingwa wa mifupa inayosema umebakiwa na ulemavu wa asilimia ngapi, nayo huandikwa ukishafika kiwango cha mwisho cha kupona. Kano ya mbele ya goti ikitengenezwa leo, kurudi kwenye michezo huchukua miezi tisa au zaidi, kwa hiyo ripoti ya mwezi wa pili haisemi kitu.

Na mwaka uliopotea? Unadaika, lakini uthibitishe kwamba ni jeraha lililoupoteza. Hapa ndipo ile barua yenye muhuri inaporudi. Asiyeomba kuahirisha, akaingia kwenye mitihani akiwa amelewa dawa za maumivu na kukeri masomo manne (kuyabeba kwenda kuyarudia mwaka unaofuata), upande wa pili utasema alifeli kama wanavyofeli wengine. Sehemu ya kosa ikiwa yako, kwa mfano ulirudi mazoezini daktari akiwa amekukataza, fidia itakatwa kwa kiasi hicho.

Sina hela ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya watu wasio na uwezo, na mwanafunzi anayeishi kwa bumu anaweza kuomba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa ushauri bila malipo. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) walianza na masuala ya wanawake, na dada zetu wanaocheza netiboli wasisite kubisha hodi. Vyuo vyenye shule ya sheria huwa na kliniki au kamati ya msaada wa kisheria. Ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya tangu miaka ya 1960. Kama kesi ni dhidi ya chuo hicho hicho, wenyewe watakwambia uende kwingine, na wana haki.

Ukipata wakili wa kulipa, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake iko hai. Mkubaliane ada kwa maandishi na udai risiti. Anayekwambia "nitumie ya hakimu kidogo" mkimbie.

Siku ya kwanza kwa wakili nibebe nini?

Kitambulisho, karatasi za hospitali kwa mpangilio wa tarehe, barua zenye muhuri, kanuni za chuo, na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe wa kilichotokea. Uandike kwa Kiswahili kama ndiko unakojieleza bila kubabaika. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna anayekufanyia hisani.

Muulize maswali matatu: nani alikuwa na wajibu kwangu, siku yangu ya mwisho ni tarehe ngapi, na udhaifu wa kesi yangu ni upi. Akikosa jibu la hilo la mwisho, tafuta maoni ya pili.

Chuo kimeniita ofisini, wanataka "tuyamalize kifamilia" kwa laki tano.

Kumalizana si vibaya. Kesi nyingi za madai huishia kwenye suluhu, na hata mahakamani utapitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Tatizo huwa ni karatasi. Ukisaini kwamba umepokea laki tano na huna dai lolote, halafu miezi mitatu mbele goti likahitaji upasuaji wa pili, umejifunga. Waambie kwa heshima kwamba utaichukua ukaisome. Pia usiombe fedha tu. Mara nyingi chuo hutoa kwa urahisi zaidi vile ambavyo mahakama ingechukua miaka kuvitoa: mtihani maalumu, ada ya semista kusamehewa, chumba cha chini kwenye hosteli.

Mimi ni mama yake. Naweza kumsemea?

Mwanao akiwa na miaka 18 na fahamu zake timamu, dai ni lake na sahihi ni yake, hata kama ada unalipa wewe. Mama unaweza kupeleka barua, kufuatilia, kukaa naye kwa wakili. Akitaka usimame kwa niaba yake, wakili atawaandalia hati ya uwakilishi. Kama amelazwa hajitambui, andika wewe barua ya kuahirisha leo, eleza uhusiano wenu, ambatisha ya daktari. Hilo halisubiri hati.

Niliumia kwenye mashindano Kenya. Je, Zanzibar?

Kwa kawaida sheria ya mahali ulipoumia ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kenya nako madai ya uzembe ni miaka 3, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Zanzibar ina sheria na mahakama zake. Tafuta wakili wa huko.

Nikidai, walimu hawatanifelisha?

Hofu hii naisikia kila mara, hata kwa waliohitimu. Nikujibu nilivyoona: mwalimu wa takwimu hajali kabisa ugomvi wako na ofisi ya michezo. Alama zako zina njia yake ya rufaa, na barua ya madai yenye tarehe humfanya mtu yeyote afikiri mara mbili kabla ya kukugusa. Andika kwa adabu, usimtukane mtu mtandaoni, na usiwahusishe walimu wako wa darasani na jambo lisilowahusu.

Na wewe wakili, ulilipwa?

Sikulipwa. Sikuandika barua, nilikeri masomo matatu, nikahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Nilipokuja kuelewa kwamba nilikuwa na dai, nilikuwa kwenye Shule ya Sheria kwa Vitendo, darasani tukisoma ukomo wa muda, na nikapiga hesabu pembeni ya daftari: miaka 3, miezi 4. Mwaka juzi nilipita pale uwanjani. Mfuniko wa chemba umezungushiwa matairi mawili yaliyopakwa rangi nyeupe, na mstari wa pembeni umesogezwa ndani hatua tatu.